Saa janja haioni baiskeli inayosukumwa

Mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mchele kutoka vijiji vya Kailo hadi soko la Kindu anaweza kufika jioni, jasho linamtoka, na saa janja mkononi ikamwambia kwamba leo hakutembea sana. Saa haijaharibika. Ndani yake kuna kihisi cha mwendo, na hicho hutambua hatua kwa jinsi mkono unavyokwenda mbele na kurudi nyuma. Mikono ikishika usukani, imetulia. Miguu inafanya kazi lakini habari haifiki juu. Uzito wa mzigo nao haupimwi kabisa. Kinyume chake, mama anayetwanga sombe anapandisha na kushusha mkono kwa mdundo, na saa yaweza kumwandikia hatua ilhali hajatoka uani. Kwa wasukumaji, basi, afadhali simu iliyo mfukoni mwa suruali, maana huko inafuata paja.

Hata lile lengo la hatua 10,000 halikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kipima hatua kilichobeba idadi hiyo katika jina lake, na idadi ikapendwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Public Health, uliojumlisha tafiti 15, ulionyesha kuwa kwa wenye miaka 60 na zaidi faida ya kupunguza hatari ya kifo hufikia kikomo kwenye hatua 6,000 hadi 8,000 hivi kwa siku. Kwa walio chini ya miaka 60 ni 8,000 hadi 10,000. Hapa Kindu, anayekaa Alunguli na kufanya kazi ng'ambo ya mto, upande wa Kasuku, huenda anakaribia kiasi hicho bila kuvaa chochote.

Mapigo ya moyo ni habari nyingine, na hapa saa inastahili sifa. Igeuze uone taa ya kijani mgongoni mwake. Damu hufyonza mwanga huo. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba: sita vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5. Ila kwa kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27. Nambari ya kalori iache ilivyo.

Rangi ya ngozi yetu nayo hufyonza kijani, na tafiti hazijakubaliana kama hilo huharibu kipimo cha mapigo. Dawa ni rahisi: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, kisha tazama saa inasema nini.

Usingizi? Saa hukisia tu kutokana na utulivu wa mwili na mapigo. Usiku wa joto, ukilala kimya ndani ya chandarua macho wazi, itaandika kwamba ulisinzia. Jumla ya muda ina maana kiasi. Hesabu ya usingizi mzito mimi siipi uzito. Wala usihangaike ukikosa usingizi wa saa nane kamili. Utafiti wa mwaka 2015 uliwavisha vifaa vya aina hii Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia: wastani wa usingizi wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1.

Kinachofaa zaidi, kwa mchezaji mpira na kwa msukuma baiskeli vilevile, ni mapigo ya asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yaangalie kwa wiki mbili ujue kawaida yako. Yakipanda siku moja, huenda mwili haujapumzika, au maji ni pungufu, au pombe ya jana. Yakipanda pamoja na joto la mwili, usijiambie ni uchovu wa mazoezi: homa huongeza mapigo, na huku kwetu Maniema homa inadai kipimo cha malaria siku hiyohiyo. Saa haitofautishi malaria na mechi ngumu.

Jihadhari pia na saa zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dozi ya insulini kwa kuitazama anaweza kuzimia, au kufa, kwa nambari isiyo ya kweli. Aendelee kutoboa kidole.