Mtoto Asiyesikia Ajulikane Mapema

Mkulima, wewe wajua kwamba mahindi yaliyochelewa kupandwa hayawi sawa na yale yaliyopata mvua ya kwanza, hata ukiyatia mbolea baadaye. Lugha ya mtoto nayo ina majira yake, na hayo ni miaka 3 ya kwanza. Mtoto asiposikia, na mtu yeyote asijue, majira hayo hupita bure.

KWA NINI HATUJUI

Ndama asiponyonya utajua siku hiyo hiyo. Uziwi hauna kidonda wala homa. Mtoto kiziwi hulia, hucheka, na katika miezi ya kwanza hutoa sauti kama watoto wengine. Akiona kivuli hugeuka. Ukikanyaga chini kwa nguvu huhisi mtikisiko. Basi katika mashamba ya kandokando ya Thika na Ruiru, ambako wazazi hutoka alfajiri na mtoto hubaki na nyanya yake, watu husema, "Huyu anasikia, ni mkaidi tu," au, "Hata baba yake alichelewa kusema." Wengine humchapa. Mara nyingi ni mwalimu anayegundua, na mtoto amekwisha kupoteza miaka 5 au 6.

MTAZAME HIVI

1. Mtoto mchanga hushtuka akisikia kishindo.
2. Akiwa na miezi 6 hugeuka kutafuta sauti inakotoka.
3. Akiwa na mwaka 1 huitika jina lake na kuanza kutamka maneno.
4. Akiwa na miaka 2 huunga maneno mawili.

Simama nyuma yake hatua 2, asikuone. Mwite kwa sauti ya kawaida, au gonga kikombe kwa kijiko polepole. Usipige mguu chini. Jaribu tena siku nyingine. Asipogeuka, usingoje akue. Hata akigeuka, ikiwa hasemi kama wenzake, mpeleke kupimwa, maana huenda asikia sauti nyingine na nyingine hazisikii.

MPELEKE WAPI

Kupimwa masikio bado si kawaida kwa kila mtoto anayezaliwa katika nchi yetu. Kwa hiyo uliza wewe mwenyewe, siku ya chanjo, kwenye kliniki yako. Omba upelekwe kwa daktari wa masikio. Hospitali kubwa ya karibu ni Thika Level 5. Viko pia vituo vya Wizara ya Elimu viitwavyo EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984, ambavyo huwapima watoto na kuwashauri wazazi juu ya shule. Kipimo cha mtoto mchanga hakina sindano wala maumivu, na aweza kupimwa akiwa amelala.

Mwaka 1998 wataalamu wa Colorado, Marekani, walieleza kwamba watoto waliojulikana kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha nzuri zaidi kuliko waliojulikana baadaye.

KINGA

Shirika la Afya Duniani lasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto waweza kuzuiwa. Usikose chanjo ya surua na rubela, ya miezi 9 na ya miezi 18. Sikio likitoa usaha, nenda kliniki. Usitie mafuta wala maji ya majani. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au aliyezaliwa akachelewa kulia, apimwe masikio hata kama aonekana mzima.

SI MWISHO WA MTOTO

Mtoto akijulikana mapema aweza kupewa kifaa cha kusikia, au kufundishwa Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 yaitambua. Katika Kaunti hii ya Kiambu iko shule ya viziwi ya Kambui. Lakini mwalimu wa kwanza ni wewe: jifunze ishara pamoja naye, na watu wote wa nyumba yako wajifunze.

Leo jioni, kazi ya shamba ikiisha, simama nyuma ya mtoto wako umwite.