Nico Collins Alikuwa Risiva wa Kawaida Tu, Kisha Stroud Akaingia: Hivi Ndivyo Kwotabeki Mpya Hubadilisha Maisha ya Wasee

Wewe kama ni wale wasee hukesha Jumapili usiku ukicheki NFL, hii unaijua. Timu yako iko na vijana wawili watatu wa kudaka mpira, wana mbio, wana mikono, lakini msimu unaisha na jina zao hazitajwi popote. Halafu timu inaleta kwotabeki mpya. Ghafla yule kijana ulikuwa unamuita mzigo anaanza kukimbia na mpira hadi mwisho wa uwanja kila wiki.

Swali ni hili: kijana alibadilika, ama alikuwa hivyo tangu kitambo na hakuna mtu alikuwa anamletea mpira?

Wacha tuichambue pole pole, na mfano wetu ni Houston Texans wa 2023. Hakuna stori inaonyesha hii kitu vizuri kama hiyo.

Kwanza, kwa wale wageni

Kama NFL ni kitu umeanza kufuata juzi, usijali. Kwotabeki ndiye yule msee hupokea mpira mwanzo wa kila mchezo na kuamua utaenda wapi. Risiva ni wale hukimbia mbele kudaka. Kila risiva ako na ruti yake. Ndio, ruti, kama ya matatu. Huyu anaenda yadi kumi na kukata kulia, yule anachoma moja kwa moja hadi mwisho, mwingine anazunguka nyuma ya mabeki.

Shida ya risiva ni kwamba kazi yake haiko mikononi mwake. Anaweza kukimbia ruti safi kabisa, amwache beki amesimama kama mlingoti, na bado asiguse mpira. Kwotabeki akichelewa, amekwisha. Kwotabeki akiangalia upande mwingine, amekwisha. Na kwa karatasi ya takwimu itaandikwa sufuri tu. Haitaandikwa "alikuwa peke yake lakini hakuonekana."

Miaka miwili ya kuchomeka

Nico Collins alichukuliwa na Texans kwenye drafti ya 2021, raundi ya tatu, akitoka chuo cha Michigan. Jamaa ni mrefu, futi 6 na inchi 4. Mwaka wa kwanza akapata yadi 446 na tachidauni moja. Mwaka wa pili, gemu 10 tu juu ya majeraha, akapata yadi 481 na tachidauni mbili.

Jumlisha hiyo: misimu miwili, yadi 927, tachidauni 3. Si mbaya sana, lakini hakuna mtu anakuandikia hundi kubwa kwa hizo namba.

Sasa elewa kwa nini hiyo ilikuwa ngori. Risiva wa raundi ya tatu husaini mkataba wa miaka minne, na kwa sheria za NFL hawezi kuketi chini kujadili mkataba mpya hadi amalize msimu wa tatu. Kwa hivyo 2023 ilikuwa kama mtihani wa mwisho kwa Collins. Akiwika, ameomoka. Asipowika, timu inatafuta kijana mwingine wa bei rahisi, na yeye anaanza kuzunguka ligi akitafuta nafasi.

Na tusimlaumu peke yake. Texans walikuwa wanabadilisha makocha kama shati: David Culley alipewa msimu mmoja akafutwa, Lovie Smith naye msimu mmoja akafutwa. Kwotabeki alikuwa Davis Mills, ambaye 2022 alirusha tachidauni 17 lakini akaibiwa mipira 15. Timu ikamaliza na ushindi 3 tu.

Halafu Stroud akaingia

Aprili 2023, Texans wakamchukua C.J. Stroud kutoka Ohio State, namba mbili kwa drafti nzima. Kocha mpya pia, DeMeco Ryans. Kijana alikuwa na miaka 21.

Cheki vile mambo yalienda. Oktoba 1, dhidi ya Pittsburgh Steelers, Collins akadaka mipira 7, yadi 168, tachidauni 2. Texans wakawapiga 30-6. Wasee wakaanza kuulizana, huyu Collins alikuwa wapi hizi siku zote?

Alikuwa hapo hapo tu, bana.

Msimu ukiisha alikuwa na mipira 80, yadi 1,297 na tachidauni 8. Yaani msimu mmoja ulizidi ile miwili ya kwanza ikiwekwa pamoja. Na Texans wakatoka ushindi 3 hadi 10, wakashinda kundi la AFC South, kisha wakaingia mtoano na kuwachapa Cleveland Browns 45-14.

Lakini namba inayosema ukweli wote ni hii. Mwaka wa 2022 Collins alirushiwa mpira mara 66, akadaka 37. Mwaka wa 2023 alirushiwa mara 109, akadaka 80. Piga hesabu: alitoka kudaka 56 kati ya kila 100 hadi 73 kati ya kila 100. Mikono ni ile ile. Mipira ndiyo ilianza kufika mahali mikono iko.

Sasa, kwotabeki mzuri anafanya nini haswa?

Kuna vitu vinne, na ukivijua utaanza kuangalia NFL na macho tofauti.

*1. Anarusha kabla risiva ageuke.* Kwotabeki ana karibu sekunde mbili na nusu, tatu hivi, kabla majitu ya kilo 120 yamfikie. Akisubiri amuone risiva ako wazi ndio arushe, beki ashafika. Mzuri hurusha mpira mahali risiva ATAKUWA, sio mahali ako sai. Ni kama mpira wa miguu: pasi ya kupenya huiweki kwa miguu ya straika, unaiweka mbele yake akiwa anakimbia. Stroud alikuwa mkali sana kwa hii. Collins akigeuza kichwa, anapata mpira ashafika njiani.

*2. Anaweka mpira upande sahihi.* Hii watu wengi hawaoni. Pasi ikija nyuma kidogo ya risiva, lazima apunguze kasi, aruke, adake, aanguke. Yadi kumi, basi. Pasi hiyo hiyo ikiwekwa mbele ya kifua, anadaka akiwa mbio na anaongeza yadi ishirini zingine. Tofauti ni kama urefu wa mkono tu. Lakini zidisha hiyo kwa mipira 80 na utaelewa namna mtu anafika yadi 1,297.

*3. Anafika kwa risiva wa tatu.* Kila mchezo una mpangilio: angalia huyu kwanza, akizibwa angalia yule, akizibwa angalia wa tatu. Kwotabeki mwenye wasiwasi humuangalia wa kwanza tu, kisha anaanza kukimbia ovyo. Na nadhani unajua nani huwa namba tatu kwa hiyo foleni. Vijana. Wale wapya. Kwotabeki mtulivu ndiye huwapatia kazi.

*4. Anaamini.* Collins ni mrefu, kwa hivyo hata akiwa amekabwa, unaweza kumrushia juu aende kupigania. Kwotabeki muoga hawezi, anaogopa kuibiwa. Stroud alirusha, na bado msimu mzima wa 2023 aliibiwa mipira 5 pekee, na tachidauni 23. Huo si ujasiri wa kubahatisha, ni msee anajua watu wake.

Stori ya Tank Dell

Kama unadhani hii ni ya warefu tu, mcheki Tank Dell. Futi 5 na inchi 8. Ukimpata kwa stage ya mat huwezi amini anacheza NFL. Alitoka chuo cha pale pale Houston, na kabla ya drafti alikuwa amefanya mazoezi na Stroud. Stroud alipochukuliwa na Texans, akampigia debe kwa mabosi: mleteni huyu. Wakamchukua raundi ya tatu, namba 69.

Novemba 5, 2023, Tampa Bay wanaongoza 37-33. Zimebaki sekunde 46. Texans hata mpigaji wao wa penalti za miguu ameumia, na Dare Ogunbowale, ambaye kazi yake ni kukimbia na mpira, ndiye amekuwa akipiga. Na kwa hiyo tofauti ya pointi, kusawazisha na teke haikuwa hata hesabu, ni tachidauni ama mrudi nyumbani.

Stroud akatembeza timu yadi 75. Zikibaki sekunde 6, akampata Dell. 39-37. Yadi 470 kwa gemu moja, rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza katika historia ya NFL. Hapo kwa sekunde za mwisho, mtu aliyemwamini ni yule mfupi aliyemuombea kazi.

Dell alimaliza na yadi 709 na tachidauni 7 kwa gemu 11, kabla avunjike mguu Desemba.

Na gemu ya mwisho ya msimu wa kawaida dhidi ya Indianapolis Colts, ile timu Mkenya Daniel Adongo aliichezea baada ya kutoka raga, ndio iliziba midomo. Anayeshindwa anaenda nyumbani. Hapa kwetu ilikuwa Jumapili, saa kumi alfajiri na dakika kadhaa. Mchezo wa kwanza kabisa, Stroud kwa Collins, yadi 75, tachidauni. Kama ulikuwa umeenda kuchemsha chai, pole. Collins alimaliza na yadi 195 na Texans wakashinda 23-19.

Doh nayo?

Mei 2024, Collins alisaini mkataba mpya: miaka mitatu, dola milioni 72.75. Kwa shilingi ya wakati huo ni zaidi ya bilioni 9. Huyu ni yule yule wa yadi 481. Sasa unaona kwa nini risiva mchanga akisikia timu imeleta kwotabeki mpya, hapati usingizi.

Lakini usichanganyikiwe: si uchawi

Kuna upande mwingine wa hii stori, na ukiuficha utaumia.

Muulize Garrett Wilson wa New York Jets. Mwaka wa 2022 alikuwa mchezaji bora mpya wa upande wa kushambulia, yadi 1,103, na hiyo ni akirushiwa na Zach Wilson, Joe Flacco na Mike White kwa kupokezana. Aprili 2023 Jets wakamleta Aaron Rodgers. Manze, kila mtu alisema Wilson sasa atapaa. Septemba 11 gemu ya kwanza ikaanza, na kwa mchezo wa nne tu Rodgers akakatika kano ya Achilles. Msimu ukaisha hapo. Wilson akamaliza na yadi 1,042, chini ya mwaka uliotangulia. Alifanya kila kitu sawa, na ndoto ikaishia kwa kisigino cha mtu mwingine.

Na hata Stroud mwenyewe. Mwaka wa 2024 mstari wake wa mbele ulivuja, akaangushwa na mpira mkononi mara 52. Mipira ya kuibiwa ikapanda kutoka 5 hadi 12. Collins aliumia paja akakosa gemu tano, bado akafika yadi 1,006. Dell akaumia goti vibaya mwezi wa Desemba kule Kansas City, akiwa anadaka tachidauni. Kwotabeki ni yule yule mkali. Lakini ukilala chini na jitu juu yako, hata ungekuwa na mkono wa dhahabu hutarusha.

Kwa hivyo timu yako ikileta kwotabeki mpya, angalia hivi

- Mstari wa mbele uko aje? Bila hizo sekunde tatu, hakuna risiva anasaidika.
- Vijana wako walikuwa wanapata nafasi wazi hata wakati mambo yalikuwa mabaya? Kwotabeki huleta mpira, hawezi kukufundisha mbio.
- Anarusha kwa wangapi? Akimkodolea macho mmoja tu, wengine watabaki kupiga jogi.
- Kocha ni mpya ama ni yule yule? Stroud na Ryans walikuja pamoja, na hiyo haikuwa bahati.
- Wanafanya mazoezi pamoja kabla ya msimu? Ile kuelewana ya Stroud na Dell haikuanza Septemba.

Ukipata "ndio" kwa nyingi kati ya hizo, weka alamu na uandae chai mapema. Ukipata "hapana", usikimbie kununua jezi bado.

Na kabla umuite kijana yeyote mzigo, jiulize kitu kimoja: amewahi kuletewa mpira? Collins alingoja miaka miwili kujibu hilo swali. Kuna wasee wako NFL sai, wana mbio zote na mikono yote, na mkataba unaisha kabla mtu ageuze kichwa upande wao.