Je, Wajua? Muziki wa CD Unaingia Mzima Kwenye Simu

Android inacheza faili za FLAC tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, bila kuhitaji programu ya ziada. FLAC, iliyoanzishwa na Josh Coalson, hubana muziki bila kutupa chochote: faili likifunguliwa, namba ni zilezile zilizokuwa kwenye CD. MP3 hupunguza ukubwa kwa kufuta sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzinasa, na kilichofutwa hakirudi. Kwa hiyo anayegeuza MP3 zake kuwa FLAC anajaza simu bure.

Na simu hujaa kweli. Dakika moja ya muziki wa CD ni takriban megabaiti 10; FLAC mara nyingi huishusha hadi 5 au 7. iPhone zilikubali FLAC mwaka 2017, kwa iOS 11. Kabla ya hapo Apple ilishikilia ALAC, mfumo wake yenyewe.

Ila ukisikiliza kwa Bluetooth, kwa kawaida sauti hubanwa upya njiani, safari hii kwa kupoteza. Hedifoni za waya, hata za bei nafuu, hazina tatizo hilo, mradi simu yako bado ina tundu la kuzichomeka.