Je, Wajua? Miungu Ndani ya Kito cha Pete

Je, wajua kwamba akiki haichongeki kwa chuma? Jiwe hilo ni gumu kuliko chuma chenyewe. Fundi wa Ugiriki na Rumi ya kale alizungusha keke kwa uta, jino lake likiwa limepakwa mafuta na unga wa msasa. Unga ndio uliokula jiwe, punje kwa punje. Unga uliosifika ulitoka kisiwa cha Naxos.

Je, wajua kwamba picha kwenye kito cha pete ilichongwa kinyume? Kito kilikuwa muhuri. Kilipogandamizwa kwenye nta, kushoto kukawa kulia, shimo likawa mwinuko. Kaisari Augusto alianza na muhuri wa sphinx, akahamia sura ya Aleksanda Mkuu, mwishowe akatumia sura yake mwenyewe, kazi ya fundi Dioskourides.

Je, wajua kwamba bakuli zima laweza kuchongwa kutoka jiwe moja? Liko Naples, linaitwa Tazza Farnese, upana wake kama sentimita 20. Ligeuze: chini yake anakukodolea macho Medusa, nywele zake nyoka watupu.

Na huko Oxford kuna kito kisichofika sentimita 4, ambacho ndani yake mashujaa Diomedes na Odysseus wanaiba sanamu takatifu ya Athena kutoka Troya. Fundi aliweka jina lake: Felix. Miaka kama 2,000 imepita na bado tunamjua!

Mafundi wengine hawakupata bahati hiyo. Je, wajua kwamba Stanisław Poniatowski, mpwa wa mfalme wa mwisho wa Polandi, alimiliki vito zaidi ya 2,000 vyenye visa vya Homer, Virgil na Ovid, vikisemekana ni vya kale? Vilichongwa enzi zake, na mafundi waliokuwa hai, kisha vikatiwa sahihi za Wagiriki waliokufa zamani, Dioskourides akiwamo. Vilipopigwa mnada London mwaka 1839, shaka ilikwisha kuenea na bei zikaporomoka. Kinachoniuma ni mafundi wale: kazi yao ilikuwa nzuri mno, ikadharauliwa kwa uongo wa majina.

Vito vikatawanyika duniani. Watafiti wa Oxford wanavisaka kimoja kimoja, na angalau fundi mmoja amerudishiwa kazi yake: Giovanni Calandrelli.