Mwanao Anasoma au Anakariri?

Mama msomaji, huenda jioni mwanao wa darasa la kwanza hukuletea kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, nawe ukafurahi. Kabla hujamsifu sana, funika picha kwa kiganja, umwoneshe neno moja la katikati na umwulize ni neno gani. Akitazama dari, au akianza upya toka mstari wa kwanza ili alifikie, ujue hasomi. Amekariri, kama anavyokariri wimbo. Watoto wana masikio mepesi. Huushika ukurasa kwa kuwasikiliza wenzao.

Jambo hili si dogo. Mtoto wa namna hii anaweza kupita darasa la kwanza na la pili bila kugunduliwa, hasa darasa likiwa na watoto wengi wanaoitikia pamoja. Darasa la tatu habari huwa ndefu na picha chache. Hapo hushindwa hata hesabu, kwa kuwa hawezi kusoma swali, na watu huanza kumwita mjinga.

Wengi wetu tulifundishwa kuimba "ba, be, bi, bo, bu." Wimbo huo si mbaya, ila mtoto anaweza kuuimba mwaka mzima asiijue "bi" akiikuta peke yake. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili Tanzania Bara ulibadilishwa ukaweka mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwalimu akatakiwa kufundisha sauti za herufi. Akishika kadi ya m hasemi "em" wala "me". Hufumba midomo akavuma "mmm". Kisha huweka a kando yake, watoto wakaunganisha: mmm-a, ma. Ma na ma, mama. Wakishazijua irabu tano na konsonanti chache, huweza kusoma maneno wasiyowahi kuyaona yameandikwa: meza, kaka, samaki. Kiswahili kimeturahisishia kazi, maana irabu zake hazibadiliki sauti ovyo kama za Kiingereza.

Hata hivyo kuna vikwazo. Katika "mtoto" ile m husimama yenyewe, m-to-to, na wengi husoma "mutoto". Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma husumbua hata watu wazima. Tena nyumbani tukisema "chakura", mtoto ataandika chakura, na hapo tusimlaumu mwalimu.

Nyumbani huhitaji kununua kitu. Okota vizibo vya soda, vioshe, bandika karatasi na uandike herufi moja kwa kila kizibo. Mwambie apange "kaka". Ondoa k ya kwanza, weka t, asome: taka. Weka p: paka. Herufi moja tu imebadilika, naye hawezi kukisia. Lazima atazame na kutamka. Dakika kumi zatosha, wakati ugali uko jikoni. Akikosea usimpige wala usimcheke mbele ya nduguze. Tamka sauti polepole, naye arudie.

Ikiwa baada ya miezi kadhaa bado hatofautishi p na b unapotamka, au huinamia sana daftari, mwombe mwalimu amkalishe mbele, kisha umpeleke hospitali apimwe masikio na macho.