Mfalme Constantine, mrejeaji wa Scotland
WALE tuliosomea ugenini tunajua maneno tuliyopokelewa nayo: mmekuja na lugha ya watu. Constantine naye alirudi hivyo. Baba yake, mfalme Áed, aliuawa mwaka 878 akimwacha mtoto mdogo. Wanahistoria wengi wanaamini alivushwa bahari hadi Ireland kwa shangazi yake, Máel Muire, aliyeolewa na wafalme wa huko, akakulia katika Kigaeli.

Mwaka 900 alishika ufalme. Wavikingi walipora Dunkeld. Mwaka 904 wakapigwa Strathearn. Mwaka 906, kwenye kilima cha Scone, yeye na askofu Cellach waliapa kulinda sheria na haki za Kanisa. Baba yake aliandikwa mfalme wa Wapikti. Yeye aliandikwa mfalme wa Alba, jina la Scotland kwa Kigaeli hadi leo. Lugha ya ugenini ikawa ya nyumbani!

Mwaka 934 Athelstan wa Uingereza alimvamia. Mwaka 937, huko Brunanburh, alishindwa, akapoteza na mwanawe. Mwaka 943, akiwa mzee, alimwachia kiti Malcolm, mtoto wa binamu yake, akawa mtawa St Andrews. Alifariki mwaka 952.