Diski ya Nje Inapokwamisha Usasishaji wa Kompyuta

Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 lenye namba 1903. Baadhi ya kompyuta zilizojaribu kulipokea ziligoma mapema kabisa, zikaandika kwamba haziwezi kupandishwa hadi Windows 10. Ajabu ni kwamba Windows 10 ndiyo iliyokuwa ikiziendesha tayari. Mashine zenyewe hazikuwa na ubovu wowote. Kizuizi kilikuwa flashi, diski ya nje au kadi ya memori iliyoachwa imechomekwa.

Windows huipa kila diski herufi. Kwa kawaida C ni ya diski yenye mfumo, na herufi zinazofuata hugawiwa diski nyingine. Usasishaji wa toleo lile uliweza kuzivuruga herufi hizo, kiasi kwamba flashi iliyokuwa G ikaibuka H kazi ilipokwisha. Kwa macho ni jambo dogo, lakini programu ya hesabu za duka iliyozoea kuhifadhi mafaili yake kwenye G ingeyatafuta huko isiyaone. Microsoft ikaona afadhali kuzuia usasishaji kuliko kuruhusu mkanganyiko huo, na ilifanya vizuri, ingawa ujumbe ungeweza kuandikwa kwa namna inayoeleweka zaidi. Dawa ilikuwa kuchomoa vifaa hivyo vyote na kuanza upya.

Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye, lakini diski ya nje bado huweza kuleta matatizo kwa njia nyingine. Kompyuta inaposasishwa hujizima na kujiwasha mara kadhaa. Ikiwa imepangwa kuanza na USB, huenda ikaikuta flashi isiyo na mfumo, ikasimama na kioo cheusi. Mara nyingi hutosha kuichomoa flashi na kuiwasha kompyuta tena. Namba ya kosa 0xC1900101 nayo huashiria hitilafu katika programu inayoendesha kifaa fulani, na hapo pia ushauri wa kwanza ni kuondoa kila kifaa kisicho cha lazima.

Kipanya na kibodi huachwa. Diski, printa na simu inayochajiwa huondolewa. Kinachosahaulika zaidi ni kadi ya memori iliyozama ubavuni mwa laptopu, kwani haionekani mpaka mtu aipapase kwa kidole. Diski haichomolewi ghafla: kwanza hubonyezwa alama ya kuondoa kifaa kwa usalama, chini kulia mwa kioo, kisha husubiriwa ujumbe kwamba kinaweza kutolewa.

Vifaa vyote vikiwa vimeondolewa na kosa bado lipo, diski ya nje haina hatia; nafasi iliyobaki kwenye C ndiyo ya kuangaliwa. Nafasi ikiwa finyu mno, Windows 10 yenyewe huweza kuomba diski ya nje yenye angalau GB 10 za wazi ili iweke mafaili yake ya muda. Diski hiyo haichomolewi mpaka usasishaji ukamilike.